Ndege za mizigo: za zamani zinachoka, mpya foleni, na bili inakuja kwenye kilo

Watu wakisikia kuna ndege ya mizigo ina miaka 30 na bado inaruka kila usiku wanashtuka, wengine wanasema hao jamaa wabahili au wanacheza na roho za watu. Lakini kwa miaka mingi kununua ndege chakavu ilikuwa akili nzuri tu ya biashara, na waliofanya hivyo kuliko wote ndo hao hao matajiri wa hii kazi, FedEx na UPS, kampuni za vifurushi za Marekani. Kilichotokea ni kwamba ile hesabu iliyokuwa inawalipa imeanza kugoma, na imegoma wakati mbaya, maana ndege mpya za mizigo hata ukiwa na hela mkononi unaambiwa ukae foleni. Mi nafanya uwakala wa mizigo hapa Dar, kliaringi na fowadingi kama tunavyoita mjini, sio rubani wala fundi, ila kila siku nauza nafasi kwenye matumbo ya hizo ndege na imebidi nifuatilie zinavyonunuliwa, kwa sababu bei ninayompa mteja wa Kariakoo inaanzia huko.

Tuanze na hesabu yenyewe. Chukua boda mbili. Moja ni ya mkataba, kila jioni tajiri anataka hesabu yake, kwa hiyo dereva hata mvua inyeshe yuko barabarani. Ya pili ni ya mtu mwenyewe, ya zamani, inakula mafuta, inavuja oili, lakini haidaiwi, akiamua kulala mpaka saa nne hakuna wa kumpigia simu. Na ndege ni hivyo hivyo, mpya lazima ikimbie muda wote ili ilipe deni, ya zamani inaweza kukaa.

Niweke namba, za kutunga kabisa, nimezirahisisha ili zionekane. Tuseme ndege mpya umeipata kwa dola milioni 100 ukaigawa kwa miaka 20, hiyo ni milioni 5 kila mwaka. Ya zamani umeipata kwa milioni 15 ukaigawa kwa miaka 10, ni milioni 1.5 kila mwaka, ila kila saa angani inakunywa tani 2 za mafuta zaidi ya mpya, na tani moja tuiweke dola 800, maana yake dola 1,600 za ziada kila saa. Sasa kama ndege inaruka saa 1,000 tu kwa mwaka, ile mpya inakugharimu dola 5,000 kwa saa kabla hujagusa mafuta, wakati ya zamani ni 1,500 jumlisha ile 1,600 ya mafuta ya ziada, jumla 3,100. Ya zamani imeshinda mchana kweupe. Ila ukizirusha saa 4,500 kwa mwaka, mpya inashuka mpaka kama dola 1,100 kwa saa na ya zamani inakuwa kama 330 jumlisha 1,600, inakaribia 1,930. Hapo mkweche umepigwa, na bado sijaweka mafundi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kampuni ya mizigo itanunua ndege gani, uliza kwanza inaruka saa ngapi. Kampuni za vifurushi, hizi za "leo umetuma kesho asubuhi imefika", ndege zao zinaruka usiku kwenda kituo kikuu, FedEx ni Memphis na UPS ni Louisville kule Kentucky, mizigo inachambuliwa humo ndani, kabla ya alfajiri zinarudi zilikotoka halafu mchana kutwa nyingi zimepaki tu juani. Saa chache sana. Kampuni za mzigo mkubwa wa kawaida kama Cargolux ya Luxembourg au Emirates upande wa kago, zenyewe ndege ikitua Nairobi ikapakia maua inaondoka tena, usiku na mchana, mabara na mabara, hao ndo wenye sababu ya kununua mpya.

Ndo maana FedEx walifanya kituko ambacho mi mpaka leo nakikubali. Walichukua DC-10, ndege ya miaka ya 70, wakaing'oa chumba cha marubani chote, wakaweka kompyuta na skrini za kisasa, kiti cha flaiti injinia kikaondolewa, wakabaki marubani wawili badala ya watu watatu, wakaibatiza MD-10 wakaendelea nayo mpaka mwisho wa 2022. Yaani ndege imestaafu abiria, imestaafu jina lake la kwanza, bado inabeba vifurushi. UPS nao walikuwa na ndege 52 za Airbus A300, badala ya kuzitupa wakalipia zibadilishiwe mitambo ya mbele ili ziendelee kula kazi miaka mingi mingine. Amazon walipoingia kwenye hii biashara 2016 walianza kwa kukodi Boeing 767 zilizokuwa za abiria, na walipoamua kununua za kwao wenyewe Januari 2021 walinunua kumi na moja, zote zilizotumika, saba za Delta na nne za WestJet, shirika la Kanada. Kampuni ina hela za kununua nusu ya dunia na inaenda kununua ndege mtumba, jiulize.

Ila kwenye ile hesabu yangu ya juu kuna kitu hakimo, nacho ni kwamba chuma kinachoka.

Tarehe 4 Novemba 2025, jioni, MD-11 ya UPS, ndege ya injini tatu, ilikuwa inaondoka Louisville kwenda Honolulu imejaa mafuta ya safari ndefu. Ikiwa inanyanyuka kwenye ranwei injini ya kushoto ikachomoka pamoja na ule mkono unaoishikilia kwenye bawa, wenyewe wanauita pailoni. Ndege ikaanguka nje kidogo ya uwanja, marubani wote watatu wakafa na watu waliokuwa chini kwenye shughuli zao pia wakafa. Hiyo ndege ilianza maisha 1991 kama ya abiria ya Thai Airways, ikageuzwa kuwa ya mizigo kwa ajili ya UPS 2006, ilikuwa na miaka 34. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, kwenye ripoti yao ya awali wakasema wameona nyufa za uchovu wa chuma kwenye vishikio vya nyuma vya ile pailoni. Wazee wa anga wote wakakumbuka Chicago tarehe 25 Mei 1979, DC-10 ya American Airlines, ambayo ni kama mama yake MD-11, nayo injini ya kushoto ilichomoka wakati wa kuondoka wakafa watu 273. Chanzo cha ile ya 1979 kilikuwa ni namna mafundi walivyokuwa wanaishusha na kuipandisha injini, sio uzee, kwa hiyo mi sipendi watu wanavyozifananisha haraka haraka, ila picha ilikuwa ile ile na roho za watu zilishtuka.

Siku chache tu FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakatoa amri MD-11 zote zikae chini mpaka zikaguliwe. Hapo ndo unaona bei halisi ya ndege ya zamani. Kwa UPS hizo zilikuwa kama asilimia 9 ya ndege zao, kwa FedEx kama asilimia 4, na ilikuwa Novemba, msimu wa sikukuu, mwezi ambao kila kampuni ya vifurushi inatafuta ndege hata ya kuazima. Ndege ambayo kwenye vitabu ilikuwa rahisi ikawa haina thamani ndani ya wiki moja, ikabidi wakodi za wengine, wapeleke mizigo kwa malori, waongeze safari kwa ndege zilizobaki. Ilipofika Januari 2026 UPS wakatangaza kwamba MD-11 zote wamezistaafisha moja kwa moja, wakaandika hasara ya dola milioni 137 baada ya kodi, na wakasema pengo litazibwa na 767 mpya 18 walizokuwa wanazisubiri kutoka Boeing. FedEx wao walisema wanataka kuzirudisha zao kazini zikishakaguliwa. Kampuni mbili, ndege ile ile, maamuzi tofauti, na mi siwashangai FedEx kwa sababu ukizitupa swali linalofuata ni unapata wapi nyingine.

Na hili swali la unapata wapi ndo tamu kuliko yote.

Mpaka hivi karibuni ukitaka ndege kubwa ya mizigo mpya kutoka kiwandani ulikuwa na machaguo matatu, yote ya Boeing. 747-8F (hiyo F ni ya mizigo), yule mkubwa wa injini nne ambaye pua inafunguka, ya mwisho ilikabidhiwa kwa Atlas Air tarehe 31 Januari 2023 na kiwanda kikafunga ukurasa baada ya kutengeneza ndege 1,574 za aina ya 747. Ikabaki 767-300F ya kati, inayobeba tani 50 na ushee, na 777F inayobeba tani kama 102. Sasa kuna viwango vya hewa chafu vya ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, walivipitisha 2017, vinasema kuanzia 2028 ndege isiyofikia kiwango isitengenezwe tena, na hizo mbili zote muundo wao ni wa zamani hazifiki. Bunge la Marekani lilitoa msamaha kwa 767F mpaka 2033, watu wakashusha pumzi, halafu Oktoba 2024 Boeing wenyewe kwenye ule mwaka wao wa mgomo na matatizo ya hela wakasema hapana, tunamaliza oda 29 za FedEx na UPS zilizobaki halafu 2027 tunafunga 767 ya mizigo. Kiwandani kutengeneza ndege za jeshi za kujazia wengine mafuta angani kutaendelea, ya mizigo basi.

Mbadala wake uko kwenye makaratasi. Boeing walizindua 777-8F Januari 2022 na Qatar Airways wakaweka oda ya ndege 34, Cargolux nao wakaingia na 10 za kuondoa 747-400 zao, ahadi ilikuwa 2027. Ila 777-8F ni mdogo wake 777-9 ya abiria, na kaka mtu mwenyewe hajatoka, Oktoba 2025 Boeing wakasema 777-9 ya kwanza itakabidhiwa 2027 na wakaandika hasara ya dola bilioni 4.9 kwa ajili ya huo ucheleweshaji, sasa kama kaka ni 2027 mdogo anakuja lini. Airbus wana A350F, tani 111, nayo ikasogezwa mpaka nusu ya pili ya 2027. Kwa saizi ya 767, tani 50, hakuna mpya kabisa, hakuna hata aliyetangaza. Hii ndo saizi ambayo Afrika tungeiweza, na ndo inayoachwa.

Kwa hiyo watu wote wanarudi kwenye kugeuza za abiria. Kwa ambaye hajawahi kuona inavyofanyika: wanachukua ndege yenye miaka 15 mpaka 20, wanatoa viti, majiko, vyoo, dari, kila kitu mpaka unaona mbavu tupu. Wanakata tundu kubwa ubavuni upande wa kushoto mbele, ndipo mlango wa mizigo unapowekwa, na kukata hapo sio kama kukata bati maana ndege ikiwa juu imejazwa hewa, ule ubavu ndo unashikilia presha, kwa hiyo fremu zote kuzunguka tundu zinaongezewa nguvu. Sakafu inabadilishwa kwa sababu sakafu ya abiria haikutengenezwa kubeba paleti ya tani 5 imekaa sehemu moja, zinawekwa roli za kusukumia na kufuli za kuishika paleti. Madirisha yanazibwa kwa bati. Mbele karibu na marubani unawekwa ukuta mgumu au wavu wa kuzuia mzigo, ili ndege ikifunga breki ghafla au ikaanguka tani 50 zisiwafuate. Miezi kadhaa karakana, ndege inatoka imekuwa kiumbe kingine. Waisraeli wa IAI mpaka 777-300ER ya abiria wameshaweza kuigeuza, walihangaika nayo miaka na vibali vikatoka 2025.

Tatizo ni kwamba za kugeuza nazo zimekuwa adimu. Ndege ya abiria inakuwa rahisi pale shirika lake linapopata mpya, na mashirika ya abiria hayapati mpya, Boeing na Airbus wote wamechelewa. Na kuna hili la injini, injini mpya za Pratt & Whitney zimesumbua dunia nzima, hapa kwetu si tunakumbuka Airbus A220 za ATCL, shirika letu la ndege, zilivyokaa chini 2022 kisa injini. Sasa shirika likiwa na ndege mpya zimepaki zinasubiri injini, ile ya zamani haliiuzi ng'o, linabanana nayo. Wengine wananunua 737 ya zamani wanaivunja wauze injini tu kwa sababu injini mbili zina thamani kuliko ndege nzima. Mwenye karakana ya kugeuza anabaki na watu na vifaa, ndege hana.

Hapo kati kulikuwa na ile sherehe ya korona. Karibu nusu ya mzigo wa anga duniani huwa unasafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria, chini ya miguu yako wewe uliyekaa juu unakula karanga. 2020 abiria wakaisha, matumbo yakaisha, bei za kilo zikapaa mpaka watu wakapakia maboksi kwenye viti. Kenya Airways walitoa viti kwenye 787 wakabeba mzigo ndani ya kabini, ndege ya kifahari kabisa. Kila mtu akaona kago ni dhahabu, oda zikamiminika, mashirika ambayo hayajawahi kuwa na ndege ya mizigo yakataka. 2022 mwishoni abiria wakarudi, matumbo yakarudi, bei ikaporomoka, na wale waliosaini mikataba ya kukodi wakati bei iko juu wengine wakabaki wanatazamana. Hii ndo shida ya hii biashara, unaagiza ndege leo kwa sababu bei ni nzuri, inafika baada ya miaka minne bei ikiwa imelala.

FedEx walilijua hilo wakafunga pochi. Matumizi yao yote ya mitaji, ndege, magari, majengo, mitambo, yalikuwa dola bilioni 6.8 mwaka wa fedha 2022, kufika ule ulioishia Mei 2025 yamekuwa bilioni 4.1. Juni 2024 wakaziondoa ndege 22 za Boeing 757 kwa mpigo, na mkataba wa kubeba barua za posta ya Marekani ukawaponyoka Septemba ile ukaenda UPS. Wenye hisa wakafurahi, hela zimebaki. Sawa, lakini ndege haijali mwenye hisa anafurahi, inazeeka tu, na matumizi usiyofanya mwaka huu yanakusubiri mwaka fulani mbele yakiwa na riba. Mi naona kampuni nyingi zinajisifia kupunguza matumizi wakati zimeahirisha tu. Hilo ni langu, mwenye hisa zake anaweza kunibishia.

Halafu bei za ndege nazo usiziamini ukizisoma. Orodha ya mwisho ya bei aliyotoa Boeing 777F ilikuwa dola milioni 352. Julai 2024 Emirates wakaagiza tano zaidi, ikatangazwa thamani yake dola bilioni 1. Chukua kalamu ugawanye. Mnunuzi mkubwa anapata punguzo ambalo sisi Kariakoo tungesema umetapeliwa ukiuziwa bei ya kwanza. Sasa shirika dogo la Afrika linalotaka ndege moja halipati hiyo bei, na riba ya mkopo wake iko juu, na bima yake iko juu, kwa hiyo ile hesabu ya mwanzo, mpya dhidi ya zamani, kwetu inaelemea kwa zamani kuliko hata kwa Marekani.

Ndo maana ATCL walivyoleta Boeing 767-300F mpya kabisa kutoka kiwandani, Juni 2023, Rais Samia akaipokea pale uwanja wa Julius Nyerere, mi nilikuwa na hisia mbili. Ya kwanza furaha, tani 54 zenye bendera yetu, maana kabla ya hapo minofu ya samaki ya Mwanza na mboga za Arusha nyingi zilikuwa zinapandia Nairobi au Entebbe, mzigo wetu unahesabika wa jirani. Ya pili ni ile hesabu ya boda ya mkataba, ndege mpya ni lazima iruke saa nyingi, nyingi kweli, la sivyo inakula mtaji ikiwa imepaki. Na ndege ikiwa moja tu haina mbadala. Ikiingia matengenezo makubwa, yale ya cheki C, ruti nzima inasimama, wateja waliokuzoea wanaenda kwa Waethiopia au Emirates na kurudi sio rahisi. Waethiopia wana 777F nyingi kuliko shirika lolote Afrika, moja ikiharibika nyingine inachukua zamu na mteja wala hajui. Soko la Ulaya nalo limefungwa kwa sasa, Umoja wa Ulaya (EU) uliiweka ATCL kwenye orodha ya waliozuiwa Desemba 2024, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, kwa hiyo samaki wa Ulaya haiwezi kuwapeleka yenyewe. Inabaki Mashariki, Ghuba na hapa hapa Afrika. Kenya Airways walichagua njia nyingine, 737-800 mbili zilizogeuzwa kuondoa 737-300 za zamani, ndogo, kama tani 20 na kitu kila moja, za kukimbizana humu humu kanda yetu. Haina sherehe ya kumwita rais, ila ukiwa na mbili moja ikiumwa biashara haifi.

Mzigo wenyewe nao una maneno. Kutoka Guangzhou ndege inajaa, na inajaa vitu vyepesi vyenye maboksi makubwa, viatu, mabegi, nywele, kava za simu. Kwenda huko sasa, unatafuta mzigo kwa tochi. Kwenda Ghuba tunapeleka nyama, mbuzi na kondoo waliochinjwa, mzito, unajaza kilo kabla hujajaza nafasi. Hapa ndo wateja wanaponigombeza kila wiki. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40, limejaa mabegi, mizani inasema kilo 11, mi nakuandikia kilo 20. Unasema nimekuibia. Zidisha 60 kwa 50 kwa 40 ni 120,000, gawanya kwa 6,000 unapata 20, hizo ndo kilo za ujazo na shirika linatoza ile iliyo kubwa kati ya mbili. Sio mimi niliyetunga, ndege ya tani 54 ikijazwa mabegi inafika dari ikiwa na tani 30 tu na mafuta imekunywa karibu yale yale. Na ndo maana kampuni za vifurushi vya mtandaoni zinapenda A330 na 767 zilizogeuzwa, tumbo pana, hazihitaji kubeba chuma, zinahitaji kubeba hewa iliyofungwa kwenye karatasi.

Sasa weka yote pamoja, MD-11 nyingi zimetoka, 767F zinaisha 2027, 777-8F na A350F zinasogea mbele, za kugeuza zimebanwa na mashirika ya abiria, huku Wachina wanauza nguo na vifaa moja moja kwa dunia nzima kupitia simu. Nafasi ya angani haiongezeki kwa kasi ya mzigo. Ndege yenye miaka 25 ambayo miaka michache nyuma ingeenda kukatwa vipande jangwani inaongezewa mkataba. Wenye ndege za kukodisha zikiwa na marubani, fundi na bima, weti lisi, wanapanga bei wanavyotaka ikifika Oktoba, na shirika likikodi hivyo kwa bei ya Oktoba, kwenye invoisi yangu inakuja kama "sachaji ya msimu" na mteja ananitazama mimi usoni, si Boeing.

Kuna mteja wangu mmoja wa vifaa vya simu aliniuliza kwa nini serikali isinunue 767 ya pili mpya ili ile moja ipate mwenzake, wazo zuri kabisa, ila kiwandani oda zilizobaki zina majina ya Wamarekani wawili na mlango unafungwa. Ya pili ikija itakuwa ya kugeuzwa, ya abiria ya mtu, na mi sioni aibu yoyote hapo, marubani na mafundi wanaijua tayari, vipuri vinaingiliana, na deni lake dogo linaruhusu ipumzike siku ambazo mzigo haupo. Wakichelewa hata hizo zitakuwa zimeisha, kwa sababu Amazon na wenzake wanazitafuta hizo hizo.

Kwa sasa ninachowaambia wateja wangu ni hivi, kama mzigo wako ni wa Krismasi na ni wa maboksi makubwa mepesi, fanya bukingi Septemba, sio Novemba, ondoa mabegi kwenye maboksi yake uyabane kwenye viroba ikiwezekana, na vile ambavyo havina haraka vipandishe meli mpaka bandari ya Jebel Ali, Dubai, halafu vimalizie kwa ndege kutoka hapo, utachelewa wiki kadhaa ila kilo inashuka. Na ukiuliza bei uliza pia ni ndege ya shirika lenyewe au ya kukodi, wengi hawaulizi, mpaka siku safari imefutwa mzigo uko Guangzhou na hakuna anayejua nani wa kumpigia.